Tahadhari kwa Aliyepewa Darasa la Kwanza

Mwalimu mkuu akikuita ofisini, akakupa kiti kabla hujamaliza salamu, akakuuliza habari za nyumbani na hata za shamba, jua umekwisha. Mwalimu mkuu haulizi habari za shamba bure. Atausifu utulivu wako. Atasema ameona una mwandiko mzuri. Kisha atatamka, kana kwamba anakupandisha cheo: "Mwaka huu nimeonelea nikupe Darasa la Kwanza." Wenzako wanaosahihisha madaftari mle ndani hawatainua vichwa. Kila mmoja anaogopa kwamba akikutazama utalitaja jina lake.

Usikatae. Sijamwona aliyekataa akafaulu. Soma badala yake maelekezo haya, niliyoyaandika kwa faida ya mtu anayeamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba kumfundisha mtoto wa miaka sita kuandika ni kazi nyepesi kuliko kumfundisha wa Darasa la Saba desimali.

Tuanze na hesabu, maana hiyo haina huruma. Serikali inataka mwalimu mmoja wa shule ya msingi awe na wanafunzi 45. Kipindi ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Gawanya: kila mtoto ana sekunde 40, za kumtazama alivyoishika penseli, kumwelekeza, na kumfuta kamasi. Sasa toka kwenye waraka uingie darasani. Michango ilipofutwa Januari 2016, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani walikuja pamoja na wadogo zao; mwaka ule rejista yangu iliisha mistari, nikaendeleza majina ndani ya jalada. Darasa likiwa na watoto 90, kila mmoja ana sekunde 20. Kwa sekunde 20 mtoto ataweza kukueleza kwamba penseli yake imevunjika. Hatakuwa amefika kwenye nani aliyeivunja.

Utaambiwa pia, tangu mtaala wa 2015, kwamba kazi ya Darasa la Kwanza na la Pili ni KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Watu huzitaja K hizo kama mapacha watatu. Si kweli. Kusoma kunaweza kufanywa kwa kuitikia. Watoto 90 wakiimba ba be bi bo bu huwezi kujua nani anasoma na nani anamfuata jirani yake. Kuhesabu kuna vidole na vizibo vya soda. Ile K ya katikati ndiyo inayomwacha mtoto peke yake na karatasi, hana kwaya ya kujifichia. Hivyo ndivyo nilivyodhani, na nitaeleza baadaye nilivyofichiwa muhula mzima.

Usiingie darasani bila wembe, na wembe huo ukae kwako. Kichongeo ulichonunua kitapotea siku ya pili. Utakiona tena mwezi wa tatu kwa mtoto wa Darasa la Nne. Mtoto mgeni wa shule hupenda kuchonga kuliko kuandika. Mpe penseli nzima Jumatatu, Ijumaa atakuletea kipande cha urefu wa njugu, kimetafunwa upande mmoja. Mzazi mwenye watoto wawili hukata penseli moja katikati, na nusu isiyo na ufutio humwangukia mdogo. Huyo atafutia kipande cha kandambili, ambacho huchukua weusi wa herufi moja na kuusambaza kwenye mstari mzima. Akikosa kandambili atafuta kwa mate. Mate yanafuta vizuri sana. Yanafuta herufi, mstari, karatasi, na kazi ya jana iliyokuwa upande wa pili. Ukikuta daftari lina tundu lenye ukingo wa kijivu, weka hasira pembeni: hapo mtoto aliliona kosa lake mwenyewe, kabla yako.

Jambo la pili ni mkono wenyewe. Wengi wetu tunadhani watu huandika kwa vidole. Kuandika huanzia begani. Misuli ya bega hupata nguvu kwanza, halafu kiwiko, halafu kiganja, na vidole huja mwisho kabisa. Ndiyo maana mtoto anayepanda mwembe hadi kileleni, na kubeba mdogo wake mgongoni, hutokwa jasho akiambiwa aizungushe penseli mpaka itoke a. Atakishika kile kijiti kama mchi, kwa ngumi, na atakipigisha karatasini hivyo hivyo. Ukimlazimisha siku hiyo hiyo kuweka dole gumba, kidole cha shahada na cha kati mahali pake, ataviweka, atakutazama kwa adabu, na ukigeuka atarudia mchi wake. Kinachosaidia ni udongo wa kufinyanga, shanga za kutunga, mchele wa kuchambua. Kisha mistari: ya wima, ya mlalo, ya mshazari, duara, nusu duara, mawimbi. Kwanza hewani, halafu mchangani kwa kidole, halafu ubaoni kwa chaki. Daftari lije mwisho.

Kuandika hewani kuna mtego wake. Ukisimama umewaelekea watoto na kuchora c hewani, wao wanaiona imegeuka, na wataiiga kwa uaminifu ikiwa imegeuka. Inabidi uwape mgongo. Na ukiwapa mgongo, wanapigana.

Mchanga nao una mtego, ila huu huletwa na wazazi. Wiki ya tatu ya kazi yangu alikuja bibi mmoja, akasimama mlangoni mpaka nikatoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi huyu mjukuu wangu ni mgonjwa? Daftari lake jeupe tangu shule ifunguliwe."

"Mzima kabisa, bibi. Tunaandika mchangani kwanza, mkono ulainike."

Akautazama uwanja wetu wa shule, taratibu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. "Mwanangu," akasema, "mchanga hata kwetu upo."

Sikuwa na jibu. Kesho yake niliwaandikisha watoto wote ukurasa mzima wa duara daftarini, ili bibi apumue. Yalitoka maandazi yaliyokanyagwa na ng'ombe. Lakini bibi alipumua.

Ukihamishiwa pwani, kama nilivyohamishiwa mimi, utakutana na mtoto anayeandika jina lake kuanzia ukingo wa kulia. Usiite mzazi wala usimwazie ugonjwa. Muulize kwanza jioni huwa anakwenda wapi. Atakwambia chuoni, na chuo kwao ni madrasa. Asubuhi kwako ukurasa unafunguka huku, alasiri kwa ustadhi unafunguka kule, na herufi zinatembea kinyume. Mtoto wa miaka sita ana serikali mbili zinazotoza kodi kwenye karatasi moja. Tena mwenye haki ya kushangaa ni babu yake. Kiswahili hiki hiki kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto: barua za biashara, hati za mashamba, tenzi ndefu za usiku kucha. Herufi tunazozifundisha leo zilikuja na wamisionari na serikali za kikoloni, na kamati ya lugha ya kulinganisha tahajia ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 tu. Mtoto akianzia upande ule, amepita njia ya mababu.

Weka nukta ya rangi kwenye ukingo wa kushoto wa kila ukurasa, umwambie aanzie hapo. Usifanye nilivyofanya mimi, nikasema "anzeni upande wa mlango". Paa lilipovuja tukahamia darasa la jirani, ambalo mlango wake uko kulia. Nilichokisahihisha wiki ile sitakieleza.

Wasio na madrasa nao watageuza herufi, hasa b na d. Hapa mtoto ana hoja nzito. Tangu azaliwe amefundishwa kwamba kitu ni kile kile hata kikigeuka. Kikombe ni kikombe, mkono wake ukiwa kulia au kushoto. Mbuzi akielekea mtoni ni mbuzi, akirudi ni mbuzi. Halafu unamletea kijiti chenye tumbo, unasema tumbo likiwa huku kinaitwa hivi, likiwa kule kinaitwa vingine. Atahitaji miezi. Mpe.

Mwenye shoto mkalishe mwisho wa dawati, upande wa kushoto. Dawati la watoto watatu linakaliwa na watano, na akiwekwa katikati kiwiko chake kitagombana na cha jirani hadi muhula uishe. Ndugu watakuja kukuomba umzoeshe mkono wa kuume. Waitikie kwa heshima, kisha umwache na mkono wake.

Tuje kwenye herufi zenyewe. Hapo Kiswahili ni rafiki yako. Kinaandikwa kinavyotamkwa; mwenzako wa shule ya mchepuo wa Kiingereza wakati huu anajaribu kueleza kwa nini kisu, kwa lugha ile, kinaanza na k ambayo hairuhusiwi kutamkwa. Wewe una irabu tano zisizobadilika na konsonanti zinazofuata sheria. Ila usilewe. Umewaambia watoto kwamba konsonanti haina nguvu bila irabu, b haisemi kitu mpaka ishikwe mkono na a, na wamekuamini. Kisha mnafika kwenye mtu. M imesimama peke yake, haina irabu, na inajitamkia kama bwana. Mtoto aliyekusikiliza vizuri kuliko wote ataandika mutu. Ataandika mutoto, muti, mujinga. Huyo hajakosea sheria yako, ameitii kuliko wewe. Na ukivuka Ziwa Tanganyika utawakuta watu wazima wenye familia na biashara wanasema mutu na mutoto kila siku, na sokoni wanaelewana.

Kunywa kutakuwa kunwa. Mbwa atakuwa umbwa. R na l zitabadilishana viti kufuatana na lugha ya nyumbani. Na kama umepangiwa Usukumani, kama nilivyoanza mimi, utaona dhuluma ya majina. Eva huandika jina lake wiki ya pili, kisha hukunja mikono. Pembeni yake yuko Ng'wandu: konsonanti tatu zinazofuatana na kidude kinachoning'inia juu, ambacho mtoto anadhani ni uchafu wa ubao. Ng'wandu anaanza masomo yake na silabi ngumu kuliko zote zilizomo katika vitabu vya mwaka mzima, na hilo ndilo neno ambalo kila mtu anamtaka aliandike kwanza. Nilimshauri aandike jina la ubatizo. Alikataa. Aliandika Ng'wandu mwezi wa sita, kidude kikiwa mahali pake, na kwa muda wa wiki nzima akaliandika kwenye kila kitu pamoja na shati langu.

Sasa mtego mkubwa, ambao wengine wote ni vitoto vyake.

Ukitaka kusifiwa, nakilisha. Andika ubaoni sentensi tano: mama anapika, baba analima, na ndugu zao. Sema "andikeni". Utashuka ukimya ambao hutaupata kwa njia nyingine yoyote. Vichwa 90 vinainuka, vinashuka, vinainuka, vinashuka, kama kuku wanaokunywa maji. Madaftari yanajaa. Unapiga vema kwa kalamu nyekundu mpaka kidole kinaota sugu. Mzazi anafungua, anaona mekundu, anashukuru Mungu. Mdhibiti ubora wa shule anafungua, anakuta kazi ni nyingi, tarehe zipo, zimesahihishwa, mwandiko unaridhisha. Nilifanya hivyo muhula mzima, na nilitajwa kwa wema kwenye kikao. Wenzangu walipiga makofi, maana nikisifiwa nitabaki huko huko chini.

Dalili zilikuwepo, nilizipuuza. Ubao wetu ulikuwa na ufa unaoshuka kutoka pembeni. Baadhi ya watoto waliunakili, mstari mwembamba uliopinda, kila siku mahali pale pale. Siku moja niliandika kwenye kona "Usifute", kwa ajili ya wa mkondo wa mchana. Niliposahihisha usiku nilisoma madaftari zaidi ya 40 yanayosema mama anapika, baba analima, usifute. Mwandiko safi. Nilipiga vema. Taa ilikuwa inafifia, na kwa kweli hakukuwa na kosa la tahajia.

Aliyenizindua ni msichana mwenye daftari bora kuliko yote. Herufi zake zilikaa juu ya mstari kama ndege kwenye waya. Siku hiyo muda uliniishia, nikafuta ubao wakati wengine hawajamaliza. Penseli yake ilisimama ghafla, kama redio iliyoishiwa betri. Alikuwa amefika kwenye kiko.

"Malizia tu," nikamwambia. "Ni kikombe."

"Umefuta, mwalimu."

"Nimefuta ubao. Neno unalijua. Hata nyumbani mnacho kikombe."

Akanyoosha kidole kwenye ubao mweusi, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni. "Neno lilikuwa pale."

Muhula mzima, na mtoto huyu alikuwa anachora. Angeweza kunichorea Kichina kwa usafi ule ule. Mimi nilikuwa nimekagua mkono, na mkono haukuwa na shida.

Kwa hiyo, ukiwa na moyo, siku moja usiandike kitu ubaoni. Waambie wachore kitu wanachokijua, kisha waandike chini yake kinaitwaje, wakijisikiliza midomo. Utajuta mara moja. Watalia. Watauliza "inaandikwaje?" wote kwa pamoja. Wale wenye madaftari mazuri watakuwa wa kwanza kukwama, na yule mtundu wa nyuma, ambaye hajawahi kumaliza kunakili hata sentensi mbili, ataandika baskeri na kuinua daftari juu ya kichwa. Kelele zitafika ofisini. Mwalimu mkuu atapita dirishani akitazama saa. Madaftari yatachafuka kwa muda wa miezi, vema zitapungua, na wazazi watasema mwalimu wa mwaka jana alikuwa anajua kazi.

Na ujiandae kusoma. Kunakili hakukuletei habari yoyote usiyoijua, maana ni maneno yako yanayorudi kwako. Mtoto akianza kuandika la kwake, lazima mwalimu alisome. Asubuhi moja niliwaambia waandike walichokula jana usiku. Nikasoma wali na marage. Nikasoma ugari na daga. Nikasoma makande, limekosewa kwa namna tatu tofauti. Kisha nikafungua daftari moja lenye neno moja: sijara.

Ukipiga mstari chini ya ile r, utakuwa sahihi kabisa. Nilikuwa nimeshaishika kalamu nyekundu. Daftari lile lilikaa mezani kwangu mpaka kengele ya mapumziko, halafu nikaenda kumtafuta mwenye nalo.

Kuhusu nyumbani, maneno machache. Usitume kazi ya jioni ukitegemea mtoto ndiye atakayeifanya. Herufi zikirudi zimenyooka mno, na k ina mkia wa kujivuna, huyo ni baba, na baba amesoma. Usimwaibishe, piga vema, umwandikie kwamba kijana wake aongeze bidii. Tahadhari pia na simu. Alfabeti yetu haina x wala q, umeziondoa kwenye chati kwa mkono wako, na mtoto anatoka hapo anakwenda kumsomea mama ujumbe ulioandikwa xaxa na xawa. Atakuja kukuuliza. Mwambie hizo ni herufi za watu wazima wenye haraka.

Limebaki moja, na hili hakuna waraka unaoligusa. Itafika siku, pengine mwezi wa tisa, mwalimu wa zamu atakuita nyuma ya vyoo. Mwalimu mkuu atakuwa ameshafika, fimbo chini ya kwapa. Ukutani, kwa mkaa, chini sana, kwenye kimo cha mtoto wa miaka saba, pameandikwa: juma mjinga.

"Unautambua mwandiko huu?" atakuuliza.

Utautambua kabla hajamaliza kuuliza. Miandiko 90 unaijua kama kuku wako. Ndoana ya ile j inageukia kulia, na ni mtoto mmoja tu anayeigeuza hivyo, yule aliyeanza mwaka akiishika penseli kama mchi. Utalitazama neno la pili. M imesimama peke yake, hakuna u. Hakuna ubao wowote shuleni uliowahi kuandikwa maneno hayo.

"Hapana, mwalimu mkuu. Labda wa madarasa ya juu."

Omba kitambaa kibichi, ujitolee kufuta. Wataondoka, hakuna anayependa kukaa pale. Hakikisha umebaki peke yako, kisha toa chaki mfukoni. Rekebisha j iwe kubwa, maana Juma ni jina la mtu. Piga vema. Halafu futa.